Gundi ya Siku Kumi

Nyumbani,
chumbani kwangu, juu ya kitanda,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine nyingi kwa ajili ya miezi yote ambayo sikukuandikia. Goti lako linaendeleaje? Baba alisema bado linakusumbua unapopanda zile ngazi za kazini. Na Bibi je, amekubali kuvaa miwani yake, au bado anasema inamzeesha? Sisi huku tunaendelea vizuri kiafya, ila tunakohoa. Vumbi la saruji limeingia kwenye sukari, kwenye mito, na juzi nililikuta hata ndani ya daftari langu la hesabu, katikati ya kurasa ambazo sijawahi kuzifungua.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu simu ninayotumia ni ya Mama, na haya sitaki ayakute humo. Unanijua, kusema kwa mdomo siwezi. Ukinipigia mimi husema "mzima, ndiyo, asante", halafu namrudishia Mama simu yake.

Shangazi, nimefanya jambo baya. Na hata sasa hivi ninapoandika, naogopa.

Sijui kama Baba alikwambia kuwa tunakarabati jiko. Walianza Desemba, shule zilipofungwa. Baba alisema ni kazi ya wiki mbili. Kalenda iliyoko sebuleni sasa inasoma Machi, na friji ndiyo kwanza imeondoka pembeni mwa televisheni. Baba aliizoea kabisa pale. Alikuwa anachukua maji ya baridi bila hata kunyanyuka kwenye kochi.

Fundi wetu tunamwita Sawasawa, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila kitu. Mama akimwambia sinki likae dirishani, sawasawa mama. Baba akija jioni kutoka gereji na kusema likae karibu na mlango, sawasawa bosi. Matokeo yake ukutani pakatokea mabomba mawili, moja la Mama na moja la Baba, na sinki likakaa sakafuni wiki nzima likisubiri kujua ni la nani.

"Nataka dirishani, nikiosha vyombo nione nje," Mama akasema.

"Uone nini huko nje? Ukuta wa jirani?"

"Wako nimeutazama miaka kumi na tisa, Mzee. Acha sasa nitazame wa jirani."

Ungecheka, Shangazi. Hata mimi mwanzoni nilicheka. Halafu nikagundua kwamba wakianza na sinki hawaishii kwenye sinki. Sinki linaleta habari ya safari ambayo Baba hakumpeleka Mama. Safari inaleta ile siku Mama aliporudi kwao na sanduku nikiwa mdogo, jambo ambalo sikuwahi kulijua mpaka walipolitoa kwa sababu ya bomba. Rangi ya vigae ilituchukua siku tatu na ikafika hadi siku ya harusi yao, ambapo inasemekana Baba alichelewa. Fundi anasimama hapo katikati na mwiko mkononi, anatazama miguu yake. Mimi nasimama mlangoni natazama yangu.

Lakini kugombana kwao nimekuzoea. Wana sauti kubwa wote wawili, na baadaye chai inanywewa. Kilichonitisha ni siku ambayo hawakugombana.

Ilikuwa mchana, nimetoka shule, siku chache kabla vigae havijaletwa. Walikuwa wanapima sakafu, Mama ameshika ncha moja ya futi na Baba ncha nyingine. Hawakujua kwamba nimeingia. Mama akasema polepole kabisa, kama mtu anayeuliza saa: "Tumalize kwanza hili jiko. Likiisha, tutajua kila mtu anaelekea wapi."

Baba akaivuta ncha yake hadi ukutani. Kisha akasema, "Haya. Likiisha."

Basi. Futi ikajikunja, wakaandika kipimo kwenye karatasi, na Mama akaniona na kuniuliza kama nimekula.

Shangazi, nisamehe kwa hili nitakalosema sasa. Nilikukumbuka wewe. Nilikumbuka nyumba yenu, ile mliyoijenga wewe na Mjomba Mrefu kwa miaka sita, kila likizo tukija tunakuta chumba kipya. Mwaka mliotundika mapazia ndio mwaka mlioachana. Hakuna aliyenieleza chochote, niliambiwa tu kwamba Mjomba amehama. Nilikuwa na miaka tisa, na nikajiambia mwenyewe kwamba watu wazima wakimaliza kujenga hawana tena sababu ya kukaa pamoja. Najua ni mawazo ya kitoto. Lakini siku ile ya futi yalirudi yote.

Sasa nikwambie nilichofanya.

Unajua kwamba nyumbani kila karatasi ya lugha ya kigeni huletwa kwangu. Baba amesoma kwa Kiswahili, na Mama vilevile, mimi ndiye niliyesomeshwa kwa lugha mbili. Dawa za Bibi alipokuwa kwetu, mimi nilisoma. Kitabu cha mashine ya kushonea ya Mama, mimi. Ndiyo maana Baba ananiita Wakili, japo sijui ni wakili gani anayeogopa hata kuagiza mkate dukani. Nikisoma mimi, hakuna anayeuliza mara mbili. Naweza kusema ndicho kitu pekee ninachoaminiwa nacho.

Vigae vilipokuja, vilikuja na gundi ya unga, kwenye mifuko, kitu kigeni kwa Sawasawa ambaye maisha yake yote amebandika kwa saruji. Akaugeuza mfuko huku na huku, akaniita. "Binti, hebu tusomee hapa. Inataka nini hii?"

Baba alikuwepo, Mama alikuwepo. Mfuko ulisema changanya na maji safi, paka, bandika, kisha acha ikauke saa ishirini na nne kabla ya kuendelea na upande mwingine.

Nikasoma maji. Nikasoma kupaka. Nilipofika kwenye saa, nikasikia mdomo wangu unasema, "Iache siku kumi."

"Siku kumi?" Mama akasema.

"Kila upande. La sivyo vitadondoka."

Nilingoja mtu acheke. Hakucheka mtu. Fundi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, akasema, "Gundi za kisasa hizi. Sawasawa."

Ukuta wa kwanza, siku kumi. Wa pili, siku kumi. Wa tatu, siku kumi. Shangazi, kila asubuhi nilikuwa naingia pale na kugusa vigae kwa kidole. Vilikuwa vigumu kama jiwe, nami natoka na kusema bado. Mama anapika barazani kwa jiko la plati moja, wali ukiiva mboga haijaanza, mboga ikiiva wali umepoa. Vyombo vinaoshewa bafuni. Siku moja nilimkuta Baba amepiga magoti anasugua sufuria kwenye beseni la kuogea, bado amevaa nguo za gereji, anaongea na ile sufuria peke yake.

Na mimi nilikuwa nahesabu. Siku kumi zaidi tuko wote. Siku kumi nyingine. Wakirushiana maneno barazani nilikuwa naogopa, na wakinyamaza nilikuwa naogopa zaidi. Chakula kikawa hakipiti. Mwalimu wa darasa akaniuliza kama naumwa, nikasema ni vumbi.

Sikuwa nimemfikiria fundi hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mama alipochoka, alimchokea yeye. "Wewe ni fundi gani, ukuta mmoja siku kumi? Mimi nashona gauni la bibi harusi kwa siku nne, na shela juu!"

"Ni gundi, mama. Binti ndiye aliyesoma."

"Gundi, gundi! Mvivu siku zote ana gundi."

Akayasema hayohayo kwa jirani wa nyumba ya pili, aliyekuwa amepanga kumpa Sawasawa kazi ya bafu lake. Jirani akabadili mawazo. Niliyasikia yote nikiwa nafua, nikaendelea kufua.

Jumatatu iliyopita nilirudi kutoka shule nikamkuta fundi amekaa peke yake jikoni, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Sakafu tu ndiyo ilikuwa imebaki. Akaniambia, "Binti, kaa."

"Nitasimama tu, fundi."

"Sawasawa." Akafuta mwiko wake kwa kitambaa, muda mrefu. "Gundi hii nimeikuta kwa mteja mwingine wiki jana. Kuna mwalimu pale, akanisomea. Anasema siku moja."

Nikatazama viatu vyangu.

"Labda ulisoma vibaya," akasema. "Maandishi yenyewe madogo."

Alikuwa ananipa mlango wa kutokea, Shangazi, na ulikuwa wazi. Ningesema ndiyo, yakaisha. Sijui kwa nini sikusema. Nilisema, "Sikusoma vibaya."

Hakuniuliza kwa nini. Aliitikia kwa kichwa tu, kama nimemwambia kipimo cha dirisha. "Basi wasomee tena mwenyewe. Mimi nikiwaambia watasema fundi anamsingizia mtoto. Nakupa mpaka Alhamisi. Maana jina langu ndiyo kazi yangu, binti. Hilo likichafuka halipakwi rangi."

Jumanne sikuweza. Nilifungua mdomo mara mbili mezani, na mara mbili nikaomba chumvi. Jumatano jioni wakiwa barazani, Mama anasubiri wali, Baba anamenya vitunguu, nilikwenda nikauleta mfuko mtupu wa gundi. Nikasimama mbele yao kama mtoto wa chekechea anayetaka kuimba. Nikasoma kila neno kwa lugha ile, kwa sauti, kisha nikalisema kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye saa ishirini na nne, sauti ikakatika, nikarudia.

"Saa ishirini na nne ni siku ngapi?" Baba akauliza, na kisu bado kimo ndani ya kitunguu.

"Moja," Mama akasema. Alikuwa ananitazama mimi. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Kwa nini, mwanangu?"

Hapo ndipo ujasiri wote ulipoishia. Nikasema, "Nilitaka vigae vishike vizuri."

Uongo mwingine tena, Shangazi, juu ya ule wa kwanza, na mfuko nimeushika mkononi.

"Vimeshika," Baba akasema. "Hata tetemeko la ardhi litapita pembeni." Alitaka tucheke. Mama hakucheka. Alizima jiko, akavaa kanga yake na kwenda kwa jirani wa nyumba ya pili kusema kwamba fundi hakuwa na kosa, kosa lilikuwa la nyumbani kwake. Aliporudi aliniambia neno moja tu: kesho asubuhi, kabla ya shule, utamwomba fundi radhi. Nilimwomba. Nililia mpaka kamasi. Akasema sawasawa, akaniambia nisogee, nimekanyaga kamba yake ya kupimia.

Alhamisi akaweka sakafu. Ijumaa akajaza mianya kwa saruji nyeupe. Jana akafunga sinki, dirishani, na akapachika mlango. Siku tatu, Shangazi. Siku tatu, kazi niliyoizuia kwa zaidi ya mwezi.

Leo asubuhi jiko lilikuwa tayari. Tuliingia wote watatu, tukasimama katikati kama wageni. Kila kitu kinang'aa na hakuna wa kufanya chochote. Baba akafungua droo, akaifunga. Akaifungua tena. Kisha akatoa futi mfukoni na kuanza kuelekea kwenye korido, akasema, "Sasa hapa naona kama ukuta huu nao…"

"Mzee," Mama akasema, "weka hiyo futi chini."

"Naangalia tu, Bibie."

"Usiangalie. Kaa tuongee. Jiko limekwisha."

Ni ile ile sauti ya polepole. Baba akakaa. Mimi nikatoka kinyumenyume, nikaja huku chumbani, nikachukua karatasi. Ndipo nilipoanza kukuandikia. Mlango mpya haupitishi sauti kama lile pazia la zamani. Nasikia tu kwamba wanaongea, sisikii wanachoongea. Imepita karibu saa nzima. 

Kwa hiyo naomba uniambie ukweli, Shangazi, maana huku hakuna wa kumuuliza. Wewe na Mjomba Mrefu mliongea kwa sauti gani mwishoni? Kubwa au ndogo? Na mimi nikiwa nakuja likizo na kukimbia kwenye vyumba vyenu vipya, mlikuwa mmeshajua? Kama swali hili linakuumiza usilijibu, nitaelewa, na nitaendelea kukupenda vilevile.

Baba ananiita. Anasema nije na kiti.

*

Nimerudi. Utaona mwandiko umebadilika, mkono umetulia kidogo ila macho yamevimba.

Niliingia na kiti changu nikakaa pembeni. Mama akasema nisogee. Nikasogea. Akaniuliza tena lile swali la Jumatano: "Sasa sema. Kwa nini?"

Nikasema, "Niliwasikia. Siku mlipokuwa mnapima."

Mama akaweka mkono mdomoni. Baba akatazama dari, ambayo alipaka mwenyewe na ina mabaka.

Basi wakaniambia, mmoja akianza na mwingine akimalizia. Ni kweli. Mwezi wa kumi na moja walikuwa wamekaribia kuachana. Mama alikuwa ameshaongea na dada yake kuhusu chumba. Halafu Mama ndiye aliyetoa wazo la jiko. Alisema hawajawahi kufanya kitu kimoja pamoja tangu nizaliwe, kila mtu na kazi yake, gereji na cherehani. Basi wajaribu kitu kimoja. Wakiweza kukubaliana kuhusu jiko moja hadi mwisho, watajua kama wanaweza kuishi. Wakishindwa, nalo ni jibu.

Yaani, Shangazi, jiko ndilo lililokuwa limewashika, na mimi ndiye niliyekuwa nalizuia lisiishe.

"Zile wiki zako ndizo zilizokaribia kutumaliza," Mama akaniambia. Hakunificha. "Kupika na plati moja! Nilishakunja nguo zangu mara mbili."

"Na ndizo nilizojifunzia kuosha sufuria," Baba akasema.

"Kusugua. Kuosha bado."

Nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, "Kwa hiyo mmefaulu?"

Wakatazamana. Mama akasema, "Nampa hamsini kwa mia."

"Hamsini ni kufaulu," Baba akasema haraka.

"Shuleni kwetu kufaulu ni arobaini," nikasema, na Baba akanipiga begani kama nimeshinda kesi mahakamani.

Mama akacheka kidogo. Kisha akaacha kucheka, akanishika mkono. Mikono yake ina matobo ya sindano, unaijua. Akasema, "Hakuna anayeondoka. Kwa sasa."

Lile "kwa sasa" nikalirudia kimoyomoyo. Nadhani lilionekana usoni, kwa sababu nilitaka kuuliza na sikuweza, na Baba akalijibu bila mimi kuuliza. Hakutania safari hii. Alisema, "Mwanangu, sisi tumeishi kwa sasa hiyohiyo miaka kumi na tisa. Hakuna nyingine tuliyowahi kuwa nayo."

Mama hakubisha. Shangazi, Mama hakubisha, na wewe unamjua Mama.

Bado naogopa, nisikudanganye. Nimeshadanganya vya kutosha mwaka huu. Ila sasa naogopa nikiwa nimekaa nao, si nikiwa nimesimama mlangoni, na najua wanajua. Nimeamua kuiacha barua hii kama ilivyo, hata lile swali langu kuhusu Mjomba Mrefu sikulifuta. Ukiona vema, nijibu. Anwani iandike kwa jina langu, Mama amesema hatafungua, na safari hii hakuna aliyeniambia niwasomee.

Nisalimie Bibi, mwambie miwani haimzeeshi, inamwonyesha tu sisi tulivyokua. Msalimie binamu yangu Kipepeo, na yule jirani yako mshona viatu aliyewahi kunitengenezea kandambili bila kuniuliza lolote. Baba na Mama wanakusalimu. Wamesema hivyo kwa wakati mmoja, jambo ambalo si la kila siku.

Mungu akulinde wewe na goti lako, akupe ngazi chache na usingizi mzuri, na nyumba yako iwe na sauti za watu wanaokutakia mema.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye hata nisiposema kwenye simu,

Wakili